Sakafu Ijaribiwe kwa Ute, Si kwa Maji: Hotuba kwa Wavuvi na Mafundi wa Boti Ndogo

Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wavuvi na mafundi wa boti, na yamewekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wavuvi, mafundi wa boti, na nyote mlioacha shughuli zenu ili mje hapa: ahsanteni sana. Mnaona mbele yangu mbao tatu, kila moja ikiwa na urefu wa mita moja, na chini ya meza iko ndoo iliyofunikwa. Waliokaa mstari wa mbele wamekwisha kutambua kwa pua kilichomo ndani yake. Nawaomba radhi na nawaomba subira, kwa sababu ndoo hiyo ndiyo hoja yangu, na maneno nitakayoyasema kabla ya kuifungua ni maelezo yake tu.

Nimeombwa nizungumzie sakafu ya boti ndogo ya uvuvi: ifunikwe kwa kitu gani ili mtu asiteleze. Tunapokutana kuzungumzia usalama majini, aghalabu tunazungumzia maboya, injini na hali ya hewa, na hayo yana haki ya kuzungumzwa. Lakini nawauliza: nani humu ndani hajawahi kuteleza ndani ya boti? Anyooshe mkono. Naona mkono mmoja, na mwenyewe anacheka.

Mimi nilianguka siku ambayo maji yalikuwa yametulia tuli. Boti ilikuwa imefungwa, injini imezimwa, na samaki karibu wote wamekwisha kupakuliwa. Niliinama kunyanyua kreti la mwisho, mguu wangu wa kushoto ukiwa juu ya ubao ambao nilikuwa nimeupaka rangi ya mafuta yenye kung'aa, kwa mikono yangu mwenyewe, na kwa majivuno, maana kila aliyepita aliisifu. Mguu ulikwenda mbele, kreti likabaki nyuma, nami nikashukia ubavu kwenye ukingo wa benchi. Kwa wiki kadhaa sikuweza kuvuta wavu, na kila nilipotaka kupiga chafya nilitafuta kwanza kitu cha kushikilia. Hapakuwa na wimbi wala upepo. Kilichoniangusha kilikuwa utando mwembamba wa ute wa samaki, ambao hata usingeuona usipoinama na kuutazama ukiwa umeelekea jua.

Hebu tuutazame ute huo, kwa sababu watu wengi huchagua sakafu kwa kuyafikiria maji. Maji matupu ni mepesi: unyayo ukishuka, yanakimbilia pembeni, na ngozi au soli inaigusa sakafu. Ute ni mzito, unavutika kama uzi, na unahitaji muda zaidi ili uondoke chini ya mguu. Na mguu wa mtu anayevuta wavu hausubiri. Kwa hiyo sakafu inayoshika ni lazima ifanye kazi mbili kwa wakati mmoja. Iwe na vilele vidogo vya kuutoboa utando huo mpaka vifike kwenye soli, na iwe na mifereji midogo kati ya vilele ili ute upate pa kukimbilia. Vilele bila mifereji hujaa. Mifereji bila vilele humwacha mtu akielea juu ya ute. Rangi yangu yenye kung'aa haikuwa na hiki wala kile.

Kwa hiyo mtu akikuletea kitu cha kuweka sakafuni, usimwulize kinashika namna gani kikiwa kikavu. Usimwulize kinashika namna gani kikiwa na maji. Mwulize kinashika namna gani kikiwa na ute. Muuzaji mmoja aliwahi kunitandikia mbele ya duka lake kipande cha sponji laini, akakimwagia kikombe cha maji, akanisimamisha juu yake na kuniambia nijaribu kuteleza. Sikuteleza, nikanunua. Safari ya kwanza, samaki watatu wakubwa walipoburutwa juu ya sponji ile, tulitembea ndani ya boti kama watoto wanaojifunza kusimama. Muuzaji hakunidanganya. Mimi ndiye niliyekubali kufanyiwa jaribio la mvua wakati shida yangu ilikuwa samaki.

Wenzetu wa maabara wanalijua jambo hili. Katika jaribio lenye asili ya Ujerumani, mtu aliyevaa viatu vya kazi na kufungwa kamba ya usalama hutembea juu ya sakafu iliyopakwa mafuta, huku sakafu ikiinuliwa polepole mpaka aanze kuteleza. Pembe aliyofikia ndiyo inayoipa sakafu daraja lake: R9 ni kuanzia nyuzi 6 hadi 10, na R13 ni zaidi ya nyuzi 35. Kwa miguu mitupu lipo jaribio jingine, linalotumia maji ya sabuni, lenye madaraja A, B na C, yanayoanzia nyuzi 12, 18 na 24. Nayataja haya kwa sababu alama hizo huandikwa kwenye bidhaa. Ukiona R11, ujue aliyepimwa alikuwa amevaa viatu. Kama ninyi mnavua miguu mitupu, alama hiyo haiwahusu. Huko Uingereza hutumika pia chombo chenye mkono unaobembea, ambao huburuza kipande cha mpira juu ya sakafu iliyoloweshwa. Sakafu ikipata 36 au zaidi, hatari yake huhesabiwa kuwa ndogo, na ikiwa chini ya 25 huhesabiwa kuwa kubwa. Vipimo hivyo ni vya kuaminika, lakini havipimwi kwa ute.

Je, sisi tusio na maabara tufanye nini? Tufanye jaribio la ubao. Chukua ubao wa mita moja, funika juu yake kile unachotaka kukinunua au kukipaka, kisha upake ute halisi wa samaki unaowavua wewe. Weka juu yake kiatu unachovaa kazini, ndani yake jiwe la kilo tano au zaidi, kwa sababu kiatu kitupu hukupa matumaini ya bure. Inua ncha moja ya ubao polepole mpaka kiatu kianze kushuka, halafu pima ncha hiyo imefika juu kiasi gani. Ikiwa ni sentimita 17, sakafu hiyo imeshindwa kwenye nyuzi 10. Sentimita 34 ni nyuzi 20, na sentimita 50 ni nyuzi 30. Boti ndogo inapokwenda mrama, kuinama nyuzi 15 au 20 si ajabu hata kidogo, na bado hatujahesabu nguvu ya mtu anayevuta. Jaribio hili halikupi namba ya kuandika kwenye cheti, lakini linakuambia ubao upi unaushinda mwenzake, na kwa mnunuzi hilo linatosha.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe, na nianze na vile ambavyo sitawapotezea muda navyo. Zulia, hata lile linalouzwa kwa ajili ya boti, linafaa boti ya matembezi. Kwenye boti ya uvuvi hunywa maji, hunywa damu, hushika ndoana, na baada ya mwezi mmoja hakuna anayetaka kukaa karibu nalo. Bati la alumini lenye vinundu huonekana la kiume, lakini vinundu vyake ni laini juu, na vikilika kidogo huteleza kuliko ubao mkavu. Tena ukilikaza kwa skrubu za chuma mahali penye maji ya chumvi, alumini huliwa kuzunguka kila skrubu. Utepe wa msasa, ule unaobandikwa kwenye ngazi, ni mzuri kwa mahali padogo kama ukingo unaokanyagwa wakati wa kupanda botini, ila ncha zake huanza kufunuka mapema, na ncha iliyofunuka ni kitanzi cha kumkwaza mtu.

Mkeka wa mpira wenye matundu una sifa njema. Hupokea ute kwenye matundu, huwahurumia miguu na magoti, na unaweza kuutoa nje na kuuosha. Shida yake ya kwanza ni uzito: mpira wa unene wa milimita 10 una uzito wa kilo 10 mpaka 12 kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo sakafu ya mita 3 za mraba inaongeza kilo 30 na ushee ambazo hazitavuliwa wala kuuzwa. Shida ya pili ni aina ya mpira. Mpira wa asili huvimba na kulegea ukikutana na petroli, dizeli au mafuta ya injini, wakati mpira wa naitrili huyavumilia mafuta hayo vizuri zaidi. Kwa hiyo uliza kabla ya kununua, hasa kwa sehemu ya nyuma karibu na injini. Shida ya tatu ni kwamba mkeka usiozuiwa unahama, na mkeka unaohama ni mbaya kuliko kukosa mkeka.

Sponji ya kubandika, ambayo imetengenezwa kwa EVA, yaani malighafi ileile ya kandambili nyepesi, nimekwisha kuisimulia, lakini niitendee haki. Haichukui maji ndani yake, haina uzito wa kutaja, hupunguza kelele za vyombo vinavyoanguka, na ile iliyochongwa mifereji ya kina hushika vizuri zaidi kuliko ile iliyosuguliwa tu juu. Kwa anayevua kwa mshipi, akiwa peke yake, na samaki wake wakienda moja kwa moja kwenye kisanduku, ni chaguo zuri. Kwa anayemwaga wavu mzima sakafuni, kisu, ndoana na miiba ya samaki vitaichana, na petroli ikimwagika italegeza gundi. Ile ya rangi nyeusi, jua likiwa kali, haikanyagiki kwa mguu mtupu.

Chanja za mbao, yaani vipande vilivyopangwa kwa nafasi na kuwekwa juu ya sakafu, ni ufumbuzi wa zamani na bado nauheshimu. Ute na maji hushuka chini, mguu hubaki juu. Sharti lake ni moja: ziwe za kunyanyuka kwa mikono miwili, kila siku. Chanja iliyokazwa kwa misumari huficha magamba, utumbo na vipande vya chambo, na mbao za chini huanza kuoza wakati za juu bado zinapendeza.

Inabaki rangi yenye mchanga, ambayo ndiyo wengi wetu tunaiweza na ndiyo niliyo nayo mimi leo. Lakini kabla sijaisifu, nisimulie nilivyoiharibu.

Nilipopona mbavu, niliapa kwamba sitateleza tena. Nikatafuta punje kali kuliko zote, za aluminiamu oksaidi, zilezile zinazotumika kwenye msasa na mawe ya kunolea, tena nikachagua punje kubwa. Nikazinyunyiza sakafu nzima, kutoka omo mpaka tezi. Kwa kweli hakuna aliyeteleza. Lakini sisi hupiga magoti tunapochomoa samaki kwenye wavu, na katika siku tatu suruali zilikuwa zimetoboka magotini, na baada ya suruali ikafuata ngozi. Wavu ukipita sakafuni ulikwaruzwa, nyuzi zikaanza kutoka manyoya. Brashi ya kusafishia ilikwisha meno. Magamba yalijikita kati ya punje yasitoke, ute ukakauka juu yake, na sakafu iliyokuwa kali ikaanza kuwa laini palepale tulipoihitaji zaidi. Wiki ya tatu nilikuta vijana wametandika gunia ili waokoe magoti yao. Nikanyamaza. Siku mbili baadaye kijana mmoja alikanyaga gunia lile, gunia likaenda naye mpaka ukingoni, na kama mwenzake asingemdaka mkanda angekwenda majini akiwa na kisu mkononi.

Niulizeni: nani aliyemwangusha kijana yule? Gunia? Hapana. Aliangushwa na mimi niliyeweka sakafu ambayo watu hawawezi kuishi nayo. Ndiyo maana siku hizi mtu akinionyesha sakafu kali, simwulizi ukali wake. Namwuliza: utaiosha kwa nini? Namwuliza: utapiga goti wapi? Sakafu ya wastani inayooshwa ikatakata kila siku itamshika mtu mwaka mzima. Sakafu kali isiyooshekeka humshika wiki mbili za kwanza.

Kwa hiyo tumieni punje za wastani, za nusu milimita hivi, zinazolingana. Mchanga safi wa silika unafaa, na zipo pia punje za plastiki na za maganda magumu ya mbegu yaliyosagwa, ambazo ni pole kwa magoti ingawa hulika mapema. Sehemu ya kupigia magoti ifanyeni pole zaidi, au ipewe kipande chake cha mpira kilichokazwa. Sehemu ya kukalia isiwekwe punje kabisa. Nadhani sina haja ya kueleza sababu.

Na sasa nataka tukae kidogo kwenye maandalizi, kwa sababu sakafu nyingi nilizoziona zikibanduka hazikushindwa na bahari, zilishindwa siku zilipopakwa. Fundi mmoja ninayemheshimu sana, yumo humu ukumbini na sitamtaja, aliwahi kuchota mchanga ufukoni, akaukausha juani, akaumimina ndani ya kopo la rangi, akakoroga na kupaka. Kazi ilipendeza. Baada ya muda sakafu ikatoka malengelenge. Tulibonyeza moja kwa kidole gumba, likapasuka, likarusha maji; tulipoyaonja yalikuwa na chumvi kali. Mchanga ule ulikuwa umebeba chumvi, na chumvi iliyofungiwa chini ya rangi huvuta maji kupitia rangi yenyewe mpaka iinuke. Isitoshe, mchanga wa ufukoni umeviringika kwa kusuguliwa na mawimbi, na una vipande vya makombe vilivyo laini. Kama hamna mchanga mwingine, uosheni kwa maji yasiyo na chumvi mara nyingi, ukausheni kabisa, kisha uchekecheni.

Kosa lake la pili lilikuwa kuuchanganya ndani ya kopo. Mchanga ni mzito, unazama. Brashi za kwanza huchukua rangi tupu, za mwisho huchukua uji wa mchanga, na sakafu inakuwa na madoa ya utelezi usiyoyatarajia. Njia iliyo bora ni hii. Paka rangi, au epoksi ya sehemu mbili, ile inayochanganywa na dawa ya kugandishia, kwa unene wa kutosha. Ikiwa bado mbichi, nyunyiza mchanga kutoka juu, kwa mkono ulioinuliwa au kwa kopo lililotobolewa matundu, mpaka usiione tena rangi iliyolowa. Usiubonyeze. Iache ikauke, kisha fagia mchanga wote uliolegea, nao unaweza kuutumia tena. Ndipo upake tabaka jembamba juu yake, moja au mawili, ili punje zifungwe mahali pake na ncha zao kali zipungue. Tabaka hilo la juu ndilo linaloamua ukali: likiwa jembamba sakafu inashika, likiwa nene umezika mchanga wako.

Kabla ya yote hayo, osheni. Nasema osheni kabla ya kupiga msasa, si baada yake. Ukipiga msasa juu ya mafuta ya samaki, unayasugua yaingie ndani zaidi. Osha kwa sabuni, suuza, kisha mwagia maji safi na utazame: yakitandaa kama shuka, mafuta yamekwisha, yakijikusanya matone matone, rudia. Baada ya hapo ndipo upige msasa, namba 80 inatosha, na mfunike pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi inayofaa, hasa mnapokwangua sakafu ya zamani yenye mchanga, kwa maana vumbi la silika huharibu mapafu na mapafu hayo hayarudi. Mbao ziwe zimekauka kwelikweli. Msipake jioni, umande ukikaribia. Epoksi ipimwe kwa kipimo chake. Kuongeza dawa ya kugandishia hakuiharakishi, kunaiharibu. Ikikauka huweza kuacha utando juu kama nta, ambao huoshwa kwa maji na kusuguliwa kabla ya tabaka linalofuata, na kwa kuwa jua huifanya epoksi ipauke na kutoa unga, imalizieni kwa rangi inayostahimili jua.

Jambo jingine ni mahali. Je, ni lazima sakafu nzima? Itifaki ya Torremolinos ya mwaka 1993, yaani makubaliano ya kimataifa ya usalama, iliyoandikwa kwa ajili ya vyombo vya uvuvi vya mita 24 na zaidi, inataka sitaha zote zipunguze uwezekano wa mtu kuteleza, kisha inayataja kwa majina maeneo ya kutiliwa mkazo: penye mashine, jikoni, kwenye winchi, panaposhughulikiwa samaki, juu na chini ya ngazi, na mbele ya milango. Vyombo vyetu havifiki hata nusu ya urefu huo, lakini busara yake inatufaa, yaani kuangalia kwanza mguu unakanyaga wapi.

Mimi nilitumia chaki. Safari moja, kila mtu alikuwa na kipande mfukoni, na kila alipojikuta ameegemeza nguvu zake zote kwenye mguu mmoja, akipata nafasi alichora duara pale. Tuliporudi, maduara yalikuwa yamerundikana sehemu tatu: pale wavu unapopandia, hatua moja mbele ya injini, na juu ya ukingo wa kushoto tunapopandia boti. Katikati, nilikomwaga mchanga mwingi kuliko kote, palikuwa na maduara mawili tu. Na ule ukingo sikuwa nimeuwekea kitu chochote.

Kwa hiyo pakeni kwa viraka. Zungusheni utepe wa karatasi, acheni kati ya kiraka na kiraka njia laini ya upana wa vidole viwili au vitatu, ielekee pale maji yanapokusanyika, ili ndoo moja ya maji isukume ute wote kwenye ngama, yaani chini kabisa ya boti, na kutolewa nje. Pembe za kiraka ziwe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndipo rangi inapoanza kufunuka, na utepe uvutwe rangi ikiwa bado mbichi. Rangi iwe ya kijivu chepesi au ya mchanga: nyeusi huunguza miguu, nyeupe kabisa huumiza macho mchana kutwa.

Na chochote mtakachoweka, kisizibe njia ya maji. Niliwahi kuitwa kutazama boti iliyosemekana inavuja. Haikuwa inavuja. Mwenyewe alikuwa ametandika mkeka mzuri wa mpira, akaukata ukatosha barabara, na ukafunika tundu ambalo maji hupitia kwenda kwenye pampu. Maji yakabaki juu, yakitembea kutoka upande huu kwenda upande ule kila boti ilipoinama, na maji yanayotembea hivyo huizidishia boti kuinama. Tulikata duara la ukubwa wa kikombe, na boti ikapona. Lakini tahadhari unapotoboa sakafu yenyewe ili kukaza kitu: kila tundu la skrubu lijazwe dawa ya kuziba, kwa sababu sakafu nyingi za fibagilasi zina mbao katikati yake, na maji yakipata tundu moja, mbao hizo huoza kimyakimya chini ya miguu yenu.

Kuhusu usafi nitasema machache. Sugueni kwa brashi ngumu ute ukiwa bado mbichi, kabla haujakauka. Tumieni maji baridi kwanza. Maji ya moto huugandisha ute na damu kama yai, ukashika zaidi. Sabuni isuuzwe yote, maana yenyewe ni utelezi. Na tazameni viatu vyenu pia: soli iliyolika ikawa laini itateleza juu ya sakafu yoyote niliyoitaja leo.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu unakwisha, na mstari wa mbele wamevumilia vya kutosha. Ubao wa kwanza nimeupaka rangi yenye kung'aa, ileile iliyoniangusha. Wa pili una sponji yenye mifereji. Wa tatu una mchanga wa nusu milimita chini ya tabaka moja jembamba. Kiatu ni changu, na jiwe nimelipima lina kilo sita. Nahitaji watu wawili wasiochukia harufu: mmoja wa kuinua na mmoja wa kushika rula. Yule ndugu aliyenyoosha mkono kwamba hajawahi kuteleza, tafadhali njoo wewe uwe wa kwanza, na utusaidie kufungua ndoo.